Konklave: ufunguo ulioanza kwa watu waliochoka kusubiri

Konklave ni kikao cha makardinali cha kumchagua Papa, wakiwa wamefungiwa mahali pamoja hadi wakubaliane. Neno lenyewe ni la Kilatini, cum clave, yaani "kwa ufunguo". Wengi wetu tukilisikia tunawaza siri: kiapo, milango iliyofungwa, moshi juu ya Kikanisa cha Sistina. Siri ipo kweli, lakini kilichoufanya ufunguo uwe sheria ni uchelewaji.

Papa Klementi IV alifariki Viterbo, kaskazini mwa Roma, Novemba 1268. Makardinali wakakutana palepale kumchagua mrithi, wakagawanyika: upande mmoja waliomuunga mkono Mfaransa Charles wa Anjou, mfalme wa Sisilia aliyekuwa na nguvu kubwa Italia, upande mwingine Waitalia waliomhofia. Miezi ikapita, kisha mwaka. Wenyeji, ambao ndio waliokuwa wakiwalisha wageni hao na watumishi wao, wakawafungia ndani ya jumba la Papa, wakawapunguzia chakula, na mwishowe wakaling'oa paa. Ipo barua ya makardinali ya Juni 1270 iliyoandikwa kwamba imetoka "katika jumba lisilo na paa". Naona hapo ndipo penye kiini cha jambo zima: watu wa kawaida waliona kwamba Kanisa kukaa bila mchungaji ni jambo linalowahusu na wao, wakachukua hatua.

Hata hivyo uchaguzi ulichukua miezi 33, na makardinali watatu walifariki kabla haujaisha. Septemba 1, 1271, kamati ya watu sita ilimchagua Teobaldo Visconti, ambaye hakuwa kardinali wala padre. Wakati huo alikuwa Akka, katika Nchi Takatifu, pamoja na wapiganaji wa Msalaba. Akawa Papa Gregori X.

Gregori hakuyasahau ya Viterbo. Katika Mtaguso wa Pili wa Lyon, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1274, aliyafanya kuwa kanuni: makardinali wasubiri siku 10 baada ya kifo cha Papa, kisha wakae chumba kimoja kisichogawanywa kwa ukuta wala pazia. Wasipochagua ndani ya siku tatu, mlo uwe wa chakula cha aina moja tu. Zikipita tano nyingine, mkate, maji na divai. Alipofariki Januari 1276, mrithi wake alipatikana kwa siku moja.

Makardinali hawakuipenda kanuni hiyo, na mwaka uleule ikasimamishwa. Matokeo yake yalionekana baada ya kifo cha Nikolasi IV mwaka 1292: kiti kilikaa wazi miezi 27. Selestini V, mkaa pweke aliyechaguliwa hatimaye, akairudisha, na mwaka 1298 Bonifasi VIII akaiingiza katika sheria ya Kanisa.

Siku hizi wapiga kura, ambao lazima wawe chini ya miaka 80, hulala na kula vizuri katika nyumba ya Mtakatifu Marta, nyumba ya wageni ya Vatikani. Kilichobaki ni mlango kufungwa na sharti la theluthi mbili ya kura. Mei 7, 2025 waliingia makardinali 133, akiwemo Protase Rugambwa wa Tabora. Kesho yake jioni, katika kura ya nne, Leo XIV alichaguliwa.