Pudini ilikuwa utumbo: methali za Kiingereza na maneno yaliyohama maana

Katika kazi yetu ya kuhakiki tafsiri, methali ndizo zinazotuumiza kichwa, hasa zile zinazoonekana nyepesi. Chukua hii: "More haste, less speed." Mwanafunzi mwenye kamusi mpya huandika "Haraka ikizidi, kasi hupungua", kisha mwenyewe anashangaa: mtu anaharakishaje huku akipunguza kasi? Kamusi haikumdanganya, ila methali ni kongwe kuliko maana aliyoikuta humo. Zamani neno speed lilikuwa na maana ya mafanikio, na ndiyo maana Godspeed, salamu ya kale ya kumuaga msafiri, ni kumwombea Mungu amfanikishe. Wazee wa Kiingereza walikuwa wanasema papara hupunguza mafanikio. Yaani haraka haraka haina baraka, basi! Hapo hakuna cha kutafsiri, methali tunayo tangu utotoni.

Mwandishi Mwingereza John Heywood aliichapisha "More haste, less speed" katika mkusanyo wake wa methali wa mwaka 1546, pamoja na ile ya Roma kutojengwa kwa siku moja. Humo pia ndege mmoja mkononi ni bora kuliko kumi mwituni. Leo Waingereza huhesabu wawili tu. Wanane wameruka njiani.

Inayopotoshwa zaidi ni ya pudini: "The proof of the pudding is in the eating." Nimeshaiona ikiandikwa "Ushahidi wa pudini ni kuila", na msomaji anabaki akifikiria kitu kitamu cha baada ya chakula. Sivyo. Pudini ya enzi hizo ilikuwa utumbo wa nguruwe au kondoo, ukashindiliwa nyama, damu, shayiri na viungo, kisha ukachemshwa. Aliyewahi kusimama jioni penye jiko la mutura, yaani utumbo uliojazwa nyama na damu, jijini Nairobi anaelewa mara moja: kwa nje zote zinafanana, na kama utumbo haukuoshwa sawasawa utajua ukishatafuna. Proof nayo ilikuwa kujaribu. Mimi ningeandika: "Mutura huijua aliyeionja."

Kuhusu "Si vyote ving'aavyo ni dhahabu", wengi humpa sifa Shakespeare. Katika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, mwanamfalme wa Moroko anachagua kasha la dhahabu akitumaini kumpata Portia, binti atakayeolewa na mwenye kuchagua kasha sahihi. Analifungua, anakuta fuvu, na ndani ya tundu la jicho kuna karatasi yenye maneno hayo. Lakini mshairi Mwingereza Chaucer alikwisha kuyasema katika karne ya 14, na Heywood akayachapisha miaka hamsini hivi kabla ya tamthilia hiyo. Kwa hiyo watazamaji wengi wa London walikuwa wanalijua jibu kabla mwanamfalme hajazungusha ufunguo.