Fainali ya 1999: Ligi ya Mabingwa bila bingwa

Mashabiki wengi huamini kwamba Manchester United iliingia Ligi ya Mabingwa Ulaya msimu wa 1998/99 kama bingwa wa Uingereza. Kosa hili linaeleweka: mwaka huo United ilibeba mataji matatu, likiwemo la ligi. Lakini taji la ligi lilipatikana Mei 1999, siku kumi tu kabla ya fainali. Tiketi ya Ulaya ilitokana na msimu uliotangulia, na bingwa wa 1997/98 alikuwa Arsenal. United ilimaliza ya pili.

Bayern Munich, mpinzani wa United kwenye fainali, nayo hivyo hivyo. Ujerumani mwaka ule ilishuhudia maajabu: Kaiserslautern, iliyokuwa imetoka tu kupanda daraja, ilitwaa ubingwa mbele ya Bayern.

Washindi wa pili walipata nafasi kwa sababu UEFA ilibadili kanuni kuanzia 1997/98, ikazifungulia mlango timu za pili kutoka ligi kubwa nane. Ndiyo maana United ilianzia hatua ya mchujo, dhidi ya ŁKS Łódź ya Poland.

Kwa hiyo usiku wa Mei 26, pale Camp Nou, hakuna timu iliyoingia mashindanoni ikiwa bingwa wa nchi yake. Basler aliifungia Bayern dakika ya sita. Kisha, katika dakika za nyongeza, zikaja kona mbili za Beckham: Sheringham akasawazisha, Solskjær akamaliza. Waliofunga wote wawili walitokea benchi.