Gari la umeme kupungua kasi ukiachia pedali: je, breki zimekamata?

Wengi wanaoendesha gari la umeme kwa mara ya kwanza huamini breki zake zimekamata, kwa kuwa ukiinua mguu kwenye pedali ya mwendo, gari hupungua kasi papo hapo.

Kwa kawaida breki za diski hazijaguswa hapo. Mota hugeuka jenereta: magurudumu yanaizungusha, inarudisha umeme kwenye betri, na ukinzani wake ndio unaopunguza kasi. Betri ikiwa 100%, umeme huo hauna pa kwenda, hivyo katika magari mengi nguvu hiyo hupungua sana na gari huserereka, yaani huendelea kwenda mbele lenyewe, zaidi kuliko ulivyozoea. Hapo ndipo pa kuwa makini zaidi. Weka mguu tayari kwenye breki.

Ili kuhakikisha, tafuta barabara tambarare isiyo na magari. Ukiwa na mwendo wa kilomita 40 kwa saa, achia pedali na utazame dashibodi: itaonyesha betri inapokea umeme. Rudia ukiwa umeweka N (gia huru). Gari likiserereka kwa wepesi, breki ziko huru. Breki iliyokamata kweli huchemsha rimu, hutoa harufu ya kuungua, na mara nyingi huvuta gari upande mmoja.