Kapoera ya kwenye gemu si kapoera kamili

Katika vibanda vya gemu vya Majengo na Nkuhungu, jijini Dodoma, vijana wengi huamini kwamba anayemmudu Eddy Gordo, mhusika wa Tekken 3, gemu ya mapigano iliyotoka mwaka 1997, ameijua sanaa ya mapigano ya kapoera yenyewe. Dhana hiyo ina chembe ya ukweli, kwa kuwa miondoko ya mhusika huyo ilinakiliwa kutoka kwa mchezaji halisi wa kapoera. Hata hivyo, waundaji wa gemu hupanga kasi, umbali na madhara ya kila pigo ili wahusika wasizidiane mno, na aliyerushwa hewani huweza kuendelea kupigwa kabla hajagusa chini, jambo lisilo la kawaida katika pambano halisi. Kapoera, sanaa iliyozaliwa Brazili miongoni mwa Waafrika waliotiwa utumwani, na ambayo kwa sababu hiyo ilistahili uangalifu zaidi, huchezwa ndani ya duara la watu, ambapo mlio wa berimbau, ala ya muziki yenye umbo la upinde na waya mmoja, huongoza mwendo, na mchezaji hodari husifiwa kwa kukwepa na kumhadaa mwenzake. Ginga, mwendo wa kuyumba ambao ndio msingi wa yote hayo, kwenye gemu umebaki mkao wa kusubiri kitufe kibonyezwe.