Damu kwenye mkojo ikikata, je, umepona?

Huku Dodoma, mtu aliyekulia kando ya bwawa akikojoa damu husema, "Kichocho tu hicho, itakata." Ikikata, anarudi kwenye mizabibu yake. Imani hii haikutoka hewani: kichocho cha mkojo kweli hutoa damu, na vidonge vya prazikwanteli hukitibu.

Lakini saratani ya kibofu nayo mara nyingi huanza hivyohivyo. Mkojo unakuwa kama chai ya rangi, bila maumivu, siku mbili tu, kisha mweupe mwezi mzima. Uvimbe bado upo, umenyamaza. Kichocho cha miaka mingi huongeza hatari yake, sigara pia.

Kojoa kwenye kopo jeupe, utazame mchana. Dawa za kifua kikuu zaweza kubadili rangi, ndiyo maana kipimo cha mkojo kinahitajika: kitaonyesha kama ni damu kweli. Sababu isipopatikana, au damu ikirudi baada ya tiba, hasa ukipita miaka 40, omba rufaa kibofu kitazamwe kwa kamera.

Hapo wengi hukimbia, wakidhani kibofu kitatolewa. Uvimbe ambao haujaingia kwenye msuli wa ukuta wa kibofu kwa kawaida hukwanguliwa kupitia njia ya mkojo, tumbo halipasuliwi; wengine huwekewa dawa ndani ya kibofu. Muulize daktari: "Majibu ya maabara yanasema uvimbe umefika kwenye msuli?" Uvimbe huu hupenda kurudi, kwa hiyo kamera ya marudio huanza baada ya miezi 3, hata ukijisikia mzima. Nauli ianze kuwekwa mapema.