Kutangaza hadharani waajiri wanaodhulumu ujira: maana yake na kinachoupa nguvu utaratibu huu

Msimu wa korosho ukifunguliwa, bei haifichwi. Mnada ukiisha Tandahimba, Newala au Ruangwa, haipiti muda hata aliyekaa kijiweni Mtwara mjini anajua kilo imekwenda kwa shilingi ngapi. Muulize sasa aliyepalilia shamba hilohilo, aliyepulizia salfa, au mama anayebangua kiwandani, kama amelipwa chote alichoahidiwa. Majibu yatakuja kwa sauti ya chini. Bei ya zao ni habari ya watu wote, ila deni la mfanyakazi ni siri yake na tajiri wake.

Kutangaza hadharani waajiri wanaodhulumu ujira ni utaratibu wa kuivunja siri hiyo. Mamlaka ya serikali inachunguza, inathibitisha kwamba mwajiri fulani hakulipa alichopaswa kulipa, kisha inachapisha jina lake, kiasi anachodaiwa na idadi ya wafanyakazi waliopunjwa, mahali ambapo yeyote anaweza kusoma.

Dhuluma yenyewe haiishii kwa tajiri anayezima simu siku ya malipo. Kulipa chini ya kima cha chini ni dhuluma. Kukata michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwenye mshahara na kutoipeleka ni dhuluma, tena mbaya zaidi kwa sababu mhusika huigundua uzeeni. Nyingine hujificha kwenye saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 kwa wiki kuwa kikomo cha saa za kawaida, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Mtu anayefanya kazi saa tisa kwa siku, siku sita, amefikisha saa 54. Tuseme ujira wake ni shilingi 1,000 kwa saa. Saa tisa za ziada zilipaswa kumpa 13,500. Akihesabiwa kwa kiwango cha kawaida anapata 9,000, na 4,500 zimeliwa. Kwa wafanyakazi 40 ndani ya wiki nne, zilizoliwa ni 720,000. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyetukanwa, na pengine hakuna aliyeshtuka.

Kuna na makato. Tuseme msimamizi anakata hela kwa kila korosho inayovunjika wakati wa kubangua. Sheria inaruhusu kufidia hasara kwenye ujira, lakini kwa masharti: hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi akiwa kazini, apewe nafasi ya kujieleza, akubali deni hilo kwa maandishi, na makato yote yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Ile ya "umevunja, nakukata", inayosemwa jioni wakati wa kupima, haikaribii hata sharti moja.

Nchi zilizojaribu kutangaza majina zimejifunza kwamba jina peke yake halitoshi. Uingereza ilianza mwaka 2011 na waajiri wanaolipa chini ya kima cha chini. Masharti ya mwanzo yalikuwa magumu kiasi kwamba karibu hakuna aliyetangazwa, hadi yalipolegezwa Oktoba 2013. Tangu hapo orodha zimekuwa zikitoka kwa mafungu, zikasimama mwaka 2018, zikarudi 2020. Mwajiri hulipa malimbikizo yote pamoja na faini inayoweza kufika mara mbili ya deni, ndipo jina lake linawekwa wazi. Wanaoorodheshwa ni wa kila aina, kuanzia saluni ya mtaani hadi maduka makubwa yenye majina ya kujivunia, na nadhani hawa wa pili ndio wanaoumia, maana wateja wao wanasoma magazeti.

Brazil ilikwenda mbali zaidi. Orodha yake, iliyoanza miaka ya mwanzo ya 2000, inahusu waajiri waliokutwa na wafanyakazi katika hali inayofanana na utumwa, wengi wao katika mashamba makubwa. Jina hukaa humo miaka miwili. Kinachoipa meno ni benki: aliyemo hupata taabu kukopa, na mkulima mkubwa asiyekopa hapandi. Ndiyo maana wenye mali waliipinga mahakamani hadi ikasimamishwa mwishoni mwa 2014. Ilirudi 2017, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Shirikisho ikasema haivunji katiba. Watu hawapigani miaka yote hiyo kwa kukwepa aibu tu.

Kwetu Tanzania, sheria mbili za kazi za 2004, ile ya ajira na ile ya taasisi za kazi, hazikuanzisha orodha ya namna hiyo. Afisa Kazi anaweza kukagua na kumpa mwajiri amri ya kutii sheria. Mfanyakazi anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ambako madai ya ujira hufunguliwa ndani ya siku 60 na ya kuachishwa kazi ndani ya 30. Mengi huishia mezani kwa msuluhishi, wahusika wakasaini, na mwajiri akatoka akiwa safi mbele ya jirani zake. Kesi zinazofika Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, hukumu zake huwekwa mtandaoni. Huo nao ni utangazaji wa aina yake, ila umeelekea kubaya: jina la mfanyakazi limo pamoja na la mwajiri, na bosi wa kesho akilitafuta atakuta "huyu ni mtu wa kushtaki".

Wapo wasemao kwamba kumwanika mtu si desturi yetu. Hoja hiyo naiona dhaifu. Bodi ya Mikopo imewahi kutangaza majina ya wadaiwa sugu, vijana waliosoma kwa mkopo, na mamlaka ya ununuzi wa umma huchapisha wazabuni waliofungiwa. Kuanika tunakujua sana. Hatujafika tu kwa mwenye kiwanda.

Lakini pia sitaki kuuza ndoto. Mashambani Masasi au Nachingwea, orodha ya serikali ingewagusa wachache. Anayemnyima kibarua hela ya palizi mara nyingi hana kampuni wala ofisi. Ni mtu mwenye mikorosho yake, na kijiji kizima kinajua kwamba halipi. Pale ukuta wa ofisi ya mtendaji na mdomo wa jirani vina nguvu kuliko tovuti. Orodha ingefaa zaidi kwa viwanda vya kubangua, wakandarasi wa barabara na majengo, kampuni za ulinzi, mashamba ya chumvi: sehemu ambazo saidia fundi au mlinzi amekuja kutoka wilaya nyingine na hana wa kumnong'oneza. Waajiri hao wengi wao huomba zabuni za umma. Halmashauri ikilazimika kuangalia orodha kabla ya kusaini mkataba, mkandarasi atakumbuka kulipa bila kuhubiriwa.

Jambo jingine lisichanganywe na hili: mfanyakazi mwenye hasira kuandika kwenye grupu la WhatsApp "fulani mwizi, kala hela zetu". Anaweza kuwa anasema kweli tupu, na bado akajikuta anajibu madai ya kashfa au Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo inaadhibu kusambaza taarifa za uongo. Utangazaji rasmi huja baada ya mwajiri kusikilizwa na kuonyeshwa hesabu, na anayeutia sahihi ni ofisi, wala si kibarua.

Na hesabu hiyo inahitaji karatasi. Hapa sheria yetu ina kifungu kizuri kisichojulikana vya kutosha: mwajiri akishindwa kutoa mkataba au maelezo ya maandishi ya ajira, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa unakuwa wake. Kwa hiyo daftari la mfanyakazi la siku na saa alizofanya, meseji za malipo ya simu, hata picha ya kibao cha zamu, vina uzito kuliko wengi wanavyodhani.

Siku orodha kama hiyo ikianzishwa, ningependa kila mstari wake uwe na jina la kampuni kama lilivyosajiliwa na la wamiliki wake, maana kampuni iliyochafuka hufa jioni na kuzaliwa asubuhi kwa jina jipya. Uwe na mahali, kipindi cha deni, kiasi, idadi ya wafanyakazi, na tarehe waliyolipwa kama wamelipwa. Majina ya wafanyakazi yasiwemo.