Gari Lako au Taksi: Hesabu ya Barabara za Kampala

Uwezo wa barabara hupimwa kwa idadi ya watu inaowapitisha kwa saa. Kampala tumezoea kuhesabu magari, na ndiyo sababu kila foleni ikirefuka tunadai lami zaidi.

Tuanzie kwenye njia panda, maana hapo ndipo mji unapojifunga. Taa ikiwa ya kijani, leni moja hupitisha takriban gari 1 kila sekunde 2. Barabara ikipewa nusu ya muda wa taa, leni hiyo hupitisha magari yasiyozidi 900 kwa saa, na kila kijani kinapowaka sekunde chache hupotea kabla safu haijaanza kusogea. Gari binafsi likibeba wastani wa mtu 1 na nusu, hao ni watu 1,350. Magari hayo 900 yakiwa taksi, yaani mabasi madogo ya abiria 14, na yote yamejaa, wangepita watu 12,600 kwa leni ileile.

Mbona basi abiria wa taksi anafika amechelewa na amechoka? Kosa halimo kwenye gari lenyewe, limo katika namna linavyofanya kazi. Dereva wengi wamelikodi kwa tajiri na jioni lazima wapeleke hesabu, kwa hiyo taksi haitoki stendi mpaka kiti cha mwisho kikaliwe. Anayesubiri katikati ya njia, tuseme Kireka au Banda, asubuhi huziona zikipita zimejaa. Saa za mchana hali hugeuka: taksi ina nafasi, lakini inatambaa ikitafuta watu.

Kubwa kuliko hilo ni mahali pa kusimama. Taksi ikisimama sekunde 20 ndani ya leni, hatua chache baada ya taa, kijani kinawaka bure na magari kama 10 yanakosa zamu yao. Yakikosa mara kadhaa mfululizo, mkia wa foleni hufika njia panda ya nyuma na kuiziba hiyo pia, hata kwa wanaoelekea kwingine kabisa. Foleni nyingi tunazozilaani huzaliwa hivi.

Tatizo la tatu ni kwamba karibu njia zote zinaishia katikati ya mji. Mtu wa Ntinda anayekwenda Makindye hushuka mjini, hutembea hadi stendi nyingine na kulipa nauli ya pili. Barabara ya mzunguko ya kaskazini, yenye kilomita 21 kutoka Bweyogerere hadi Busega, inaweza kupunguza safari kama hizo, lakini kwa wale tu ambao mwanzo na mwisho wao viko karibu nayo.

Dar es Salaam walijaribu dawa mwaka 2016 kwa mabasi yaendayo haraka, awamu ya kwanza ikiwa na takriban kilomita 21. Basi lina leni yake, abiria hulipa kabla ya kupanda, na jukwaa la kituo liko usawa mmoja na sakafu ya basi, hivyo watu hupanda na kushuka upesi. Tujifunze na walipokwama: mabasi yalipopungua vituo vilifurika, na karakana ya Jangwani, iliyojengwa bondeni, ilikumbwa na mafuriko tena na tena. Kampala, mji wa vilima na mabonde yenye maji kama Bwaise, haina kisingizio cha kurudia kosa hilo.

Sasa mfuko wako. Usikisie gari linakunywa kiasi gani. Jaza tangi hadi pampu ikate yenyewe, andika namba ya kilomita, endesha wiki nzima kama kawaida, kisha jaza tena pampu ileile. Gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita zilizoingia. Injini ikinguruma foleni bila kusogea huchoma karibu lita 1 kwa saa, kwa hiyo gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita kwenye barabara wazi laweza kushuka hadi 8 mjini. Kutoka Mukono hadi Kampala, kwenda na kurudi ni kama kilomita 42, yaani lita 5 na robo. Tukichukulia lita moja ni shilingi 5,000, hiyo ni shilingi 26,250 kwa siku, kabla ya maegesho, tairi, oili, bima na thamani inayopungua kila mwaka. Linganisha na nauli zako mbili. Mkiwa wanne garini, kila mmoja anabeba kama 6,560, na gari linakuwa na maana. Lina maana pia kwa mgonjwa, kwa mizigo na kwa safari ya usiku wa manane.

Kwa wengine, mpango unaofaa ni kuunganisha: miguu au boda boda fupi hadi stegi, yaani kituo cha taksi, kisha taksi. Safari ndefu kwa boda boda kwenye barabara kuu hatuishauri, na hata hiyo fupi, helmeti ifungwe kamba kidevuni, kwani isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijagonga. Mvua ikinyesha nauli hupanda, hivyo patana na kondakta kabla ya kukaa. Na unapotaka kushuka, acha kusema "mu maaso awo", yaani "hapo mbele" kwa Kiganda, popote unapojisikia. Taja stegi mapema, ili dereva apate nafasi ya kutoka nje ya leni kabla ya kusimama.